Baba yako alikuwa upande gani

Mwanangu,

Ulipokuja Idi uliniuliza jambo nikakunyamazia kwa sababu sebule ilikuwa imejaa wageni. Shangazi yako anasema Baba alipigana msituni, na pale ukutani yumo ndani ya sare ya jeshi la taifa. Nani anasema kweli? Shangazi anasema kweli, na picha haidanganyi.

Rais wetu wa Burundi, Ndadaye, Mhutu, alipouawa na wanajeshi, Oktoba 1993, tulikuwa Kamenge, mtaa wa Wahutu, ndoa yetu bado changa. Mitaa ya Bujumbura ikagawanyika, Wahutu kwao, Watutsi kwao. Mwaka 1995 jeshi, ambalo wengi wake walikuwa Watutsi, liliingia Kamenge, watu tukatawanyika. Mimi nilikimbilia Buyenzi kwa bibi yako, ambako Waswahili walikuwa bado wanakaa wamechanganyika. Baba yako akaenda msituni kwa FDD, waasi wa Kihutu. Hakuniaga. Simlaumu, maana angeniaga ningemshika shati.

Baadaye nikavuka kwenda Tanzania, na wewe ukazaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi ya Kasulu. Vita vyangu mimi vilikuwa foleni ya mgawo: unga wa mahindi, maharage, mafuta kidogo, chumvi. Mafuta nilikuwa nayapunguza kwenye chupa ya soda nikauze, nipate sabuni na dagaa. Tulikatazwa kutoka nje ya kilomita 4, hivyo hata kibarua cha kulima kwa Waha, wenyeji wa huko, tulikiendea kwa kujificha. Na katika kidogo hicho hicho kulikuwa na mchango wa "vijana", yaani wapiganaji wa msituni. Walipita usiku, nyumba kwa nyumba. Jirani angeweza kusema leo sina, lakini mke wa mpiganaji atasemaje hana? Kuna siku nilitoa unga wote, wewe ukalala na uji wa jirani. Hilo shangazi yako hakukusimulia, hakuwepo.

Baba yako alifika kambini usiku mmoja, mabuti ya mpira yamepasuka, kucha mbili za mguu zimeng'oka. Nilimkanda kwa maji ya chumvi. Wewe ulimwona ukalia, hukumjua. Alfajiri hakuwepo.

Mkataba wa Arusha wa 2000 ulisema kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, lakini FDD hawakuwemo, vita vikaendelea. Mpaka waliposaini Dar es Salaam, Novemba 2003. Mwishoni mwa 2004 jeshi jipya likaundwa, la zamani na waasi ndani yake. Wenzake wengi walipewa fedha wakarudi uraiani. Yeye alibakizwa. Kitanda cha pili yake akalala mtu wa jeshi la zamani, na katika kuzungumza wakagundua wote walikuwepo Kamenge siku zile, mmoja akikimbia, mwingine akifukuza. Walikaa wiki kadhaa hawasemeshani. Nani alianza tena kumsemesha mwenzake sijui, kila mmoja anasema ni yeye.

Ndiye huyo unayemwita baba mdogo, anayekuletea samaki wa mikeke kila ukija.

Walikwenda Somalia pamoja, kulinda amani na jeshi la Umoja wa Afrika. Tarehe 22 Februari 2009, Warundi 11 walipouawa kwa mabomu kambini kwao Mogadishu, mke wa baba yako mdogo alikuja hapa, tukakaa na redio na simu moja mpaka jioni. Wakati ule hatukuwa na wa msituni wala wa serikali, tulikuwa wanawake wawili tunaopiga namba isiyopokelewa. Posho ya huko ndiyo iliyoezeka nyumba hii mabati, na ile picha ilipigwa kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo usiiondoe ukutani kama ulivyokuwa unapendekeza. Imelipiwa.

Ulitaka pia kujua kama aliwahi kuua. Sijamuuliza miaka yote hii, na sitamuuliza kwa niaba yako. Wewe ni mtu mzima, ukitaka muulize mwenyewe, asubuhi akishakunywa chai, mkiwa wawili tu. Ila usimuulize mbele ya baba yako mdogo.

Mama yako