Nguzo kwanza, pini baadaye: kwa vijana wanaoanza kuhudumia Gipsy Moth

Juzi nilimwona kijana wetu mmoja akishika pini ya bawa la Gipsy Moth, ile ndege ndogo ya zamani yenye mbawa za juu na za chini, ilhali nguzo ya muda bado imelala sakafuni, nikapaza sauti kupita desturi yangu. Wadogo zangu, sikufoka kwa chuki, na sababu yake ni hii.

1. Nguzo hutangulia pini. Mbunifu wa ndege Geoffrey de Havilland aliirusha Moth ya kwanza mwaka 1925, ndege ambayo mwenye nayo angeweza kuikunja mbawa kuelekea mkiani na kuilaza katika banda dogo. Urahisi huo ndio unaotuponza. Ndani ya kila bawa mna boriti mbili: za nyuma zina bawaba, za mbele hushikwa na pini, na pini zikishachomolewa, ni ile nguzo iliyo kati ya mashina ya bawa la juu na la chini inayozuia mbawa zisipinde. Katika mwaka wangu wa pili karakanani, hapa Uingereza, jioni moja ya mvua tukikimbilia kuingiza ndege ndani, nilichomoa pini za upande wa kushoto nikiamini kwamba mwenzangu ameshaweka nguzo. Hakuwa ameiweka, nami sikuwa nimemwuliza wala kuinama kutazama. Ncha ya bawa ilishuka polepole, kama mzee anayeketi, kisha mbao ikalia mlio mkavu ambao nausikia hadi leo. Fundi mkuu hakunigombeza. Alinikabidhi kisu, akaniambia nikichane kitambaa mwenyewe nione nilichovunja. Majira yote ya baridi nilichonga mbavu za bawa, nikazigandisha kwa gundi, nikashona kitambaa kipya fundo kwa fundo, huku mwenye ndege akija kila Jumamosi, akisimama mlangoni kofia mkononi, asiseme neno.

2. Propela ihesabuni kuwa hai wakati wote, kwa sababu waya wa swichi ukikatika, magneto, kile kifaa kinachozalisha umeme wa kuwasha injini, huendelea kutoa cheche hata swichi ikiwa imezimwa, na propela yaweza kuzunguka ghafla.

3. Petroli hushuka yenyewe kutoka tangi lililo juu, katikati ya mbawa, bila pampu. Basi safisheni chujio kabla hamjailaumu kabureta.

4. Rubani akiruka peke yake huketi kiti cha nyuma, na mkanda wa kiti cha mbele kilicho wazi hufungwa imara usije ukanasa usukani.

Kesho asubuhi tunaikunja ndege ileile. Kijana wangu, nguzo utaibeba wewe, nami nitasimama kando yako hadi pini ya mwisho.