Kabla ya kuleta bata nyumbani, kaa kwanza na watoto

Watu wakitaka kufuga bata huniuliza banda lijengweje, kisha wanakula nini. Yote mawili nitayasema. Ila nataka kuanza na swali ambalo natamani mtu angeniuliza mimi miaka sita iliyopita, kabla sijaingiza hata unyoya mmoja uani kwangu: siku bata wakifa, watoto utawaambia nini?

Sisi tunakaa Maweni, hapa Malindi. Ua wetu ni hatua 20 kwa 15, una migomba, mpapai mmoja na mdimu alioupanda mavyaa wangu. Bata wa kwanza niliwanunua Mambrui kwa mama mmoja aliyekuwa anahama: dume mmoja na majike wawili. Niliwavusha daraja la Sabaki ndani ya tenga, kwenye matatu, mkono wangu mmoja juu ya kifuniko safari nzima. Nilipofika nyumbani na kufungua, watoto walikuwa wamejipanga ukutani kama wanaosubiri mgeni kutoka Hija. Kabla ya magharibi bata walikuwa na majina. Dume aliitwa Nahodha kwa jinsi alivyotembea akitanguliza kifua. Majike wakaitwa Zafarani na Sukari.

Ni wale bata wa kienyeji wanaoonekana sana pwani, wenye nyama nyekundu zenye vidutu usoni. Asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na ukiishi penye nyumba zilizobanana ndio ninaokushauri uwachukue, kwa sababu hawana makelele. Dume hutoa pumzi tu kama mtu anayepuliza moto wa kuni. Jike analia kisauti chembamba, na usiku husikii kitu. Majirani zangu hawajawahi kunilalamikia kelele. Harufu, ndiyo, mara moja, na walikuwa na haki, kwa sababu nilikuwa nimeacha maji siku tatu bila kuyamwaga.

Maji yenyewe usiyaogope. Ardhi yetu hapa ni mawe ya matumbawe, shimo halishiki maji hata ulichimbe vipi, na sikuwa na uwezo wa kujenga bwawa. Tunatumia karai la kuchanganyia simiti. Bata anaweza kuishi vizuri bila bwawa, mradi apate maji ya kina cha kuzamisha kichwa chote, maana ndivyo anavyosafisha macho na pua. Asiyepata hayo macho yake huanza kutoa utando. Kila asubuhi mwanangu wa kiume humwaga yale ya jana kwenye migomba na kutia mapya. Maji ya bata ni mbolea tosha. Ndizi zetu tangu hapo zimenenepa. Na yakimwagwa kila siku, mbu hawapati pa kuzaliana.

Jambo moja la sisi watu wa pwani: kama kisima chako kina maji ya chumvi, vifaranga usiwape hayo. Bata wakubwa wanayavumilia kiasi, wadogo yanawaua. Nilipoteza watatu kabla sijaelewa. Sasa vifaranga wanakunywa maji ya mvua tuliyokinga, au ya mfereji.

Nilikuwa nimefuga kuku tangu utotoni, na kujua kuku ndiko kulikonidanganya. Kuku hulalia siku 21. Zafarani alipolalia mara ya kwanza, mayai 12, nikahesabu kwa kuku. Siku ya 21 ikapita. Nikaambiwa bata ni siku 28, nikangoja, kimya. Siku ya 30 nikasema haya ni viza, yataoza na kunuka, nikayatoa. La kwanza nililolivunja lilikuwa na kifaranga aliye hai. Alifungua mdomo. Binti yangu mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika ndoo.

Bata wa aina hii huchukua siku 35. Wale wa siku 28 ni bata wengine, wale weupe au wa kahawia wanaolia kwa sauti kubwa. Nilirudisha mayai yaliyobaki chini ya Zafarani mikono ikitetemeka, na siku tano baadaye wakaanguliwa tisa. Ndio hao ambao watatu niliwapoteza kwa chumvi. Kwa hiyo kama hutachukua kingine kwenye haya ninayoandika, chukua hiyo 35. Iandike ukutani. Yai unaweza kulimulika usiku kwa tochi ukaona giza la kifaranga ndani, na mtu asikuharakishe.

Chakula si tatizo katika nyumba ya Mswahili. Machicha ya nazi baada ya kukamua tui, wishwa, ukoko wa wali uliolowekwa, mchicha uliokomaa, maganda ya papai, dagaa wa kusaga kidogo. Nasema kidogo kwa sababu dagaa wakizidi, mayai yanapata shombo, na mume wangu anaitambua kabla hajaonja. Konokono watawatafuta wenyewe. Tangu waje, mboga zangu haziliwi. Vifaranga wiki za mwanzo nawanunulia chakula cha vifaranga vya kuku dukani, lakini nachanganya na majani mabichi na unga kidogo wa dagaa, maana bata anahitaji zaidi ya kuku ili miguu ikaze. Asipopata, anakua mzito na miguu inalegea chini yake.

Sasa nifike kwenye mahindi.

Mwaka wa pili, mwezi wa Mei, masika yalipenya stoo yakalowesha gunia. Mahindi yalipokauka yalikuwa na vumbi la kijani. Sisi hatukuweza kuyala. Nikawaza, kutupa chakula ni vibaya, wacha wale ndege. Nikayasaga. Kuku walikula, sikuona kitu. Vifaranga 11 wa Zafarani, wenye wiki mbili, waliacha kula siku ya tatu, wakaanza kupepesuka, kisha shingo zikawa zinapinda kwa nyuma. Siku nne, wote.

Afisa wa mifugo aliyekuja aliniuliza swali moja tu: umewalisha nini? Ni sumu kuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga. Kifaranga wa bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi kuliko wote, kiasi kwamba wataalamu walikuwa wakitumia vifaranga wa siku moja kupimia kama chakula kina sumu hiyo. Yenyewe ilikuja kujulikana baada ya mwaka 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Vifaranga wa bata nao walikuwemo katika vifo vile. Na hapa Kenya tunaijua kwa uchungu zaidi: mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Kuanika upya hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Kisichofaa kuliwa na mwanao, usimpe bata. Na yale mahindi usimpe kuku pia, hata ukimwona mzima, maana wewe ndiye utakayemla.

Lakini kosa langu kubwa mwaka ule lilikuja baada ya mahindi. Vifaranga wa mwisho walikufa usiku. Niliwakusanya kwenye mfuko na kuwatupa jaani kabla watoto hawajaamka, na mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka minne, aliponiuliza wako wapi, nikamwambia wamerudi Mambrui kwa bibi yao.

Niliona ni huruma. Kwa miezi, kila tulipopita daraja la Sabaki kwenda kwa shangazi yake, alikuwa anapanda juu ya kiti kuchungulia dirishani. Mara moja alibeba wishwa kwenye mfuko wa gauni.

Mwaka wa nne tulikuwa na majike sita. Kulikuwa na harusi ya jamaa zetu, tulirudi saa saba usiku, tumechoka. Kufunga banda ilikuwa kazi ya mwanangu wa kiume, mwenye miaka 12. Alirudishia mlango, hakutia komeo. Mavyaa alitoka kutawadha alfajiri akatuita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Wanne walikuwa wamelala uani, shingo zimetobolewa, Sukari akiwemo. Nahodha alikuwa juu ya ukuta, hataki kushuka. Mzee wa jirani alitazama majeraha akasema ni fungo.

Mtoto alisimama mlangoni kabadilika rangi. Mume wangu alifungua mdomo kumgombeza, mavyaa akamwambia, "Mwache kwanza, mwanangu. Mwache azike." Nyama ile haikuwa ya kuliwa, ni nyamafu. Baba na mwana wakachimba chini ya mdimu, na pale mawe ni magumu, walichimba muda mrefu wakipokezana sururu bila kusema neno. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Hajasahau komeo tangu siku ile, na hatujawahi kumkumbusha.

Yule mdogo, wakati huo ana miaka sita, aliniuliza, "Na hawa wanakwenda Mambrui?"

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nikamwambia, hapana, wamekufa. Na wale wa zamani pia walikufa, mimi ndiye niliyewapa mahindi mabovu, sikujua. Hakulia. Aliniuliza wale tuliwazika wapi. Sikuwa na mahali pa kumwonyesha.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wenzangu, na nasema kwa moyo wangu wote: kabla ya banda, kabla ya karai, kaeni na watoto muwaambie kwamba baadhi ya hawa watakufa, na kwamba wakifa mtawaambia. Mchague na mahali pa kuzika. Mtoto wa miaka minne anaweza kubeba kifo cha kifaranga ukimshika mkono. Asichoweza ni kumtafuta dirishani mtu asimwambie.

Banda tulilijenga upya. Boriti za mikoko, paa la makuti, chini mawe yaliyofukiwa pande zote ili asichimbe mtu, na wavu mgumu wenye matundu madogo badala ya ule mwembamba wa kuku, ambao fungo anauvuta ukakunjuka. Komeo mbili. Msilijenge chini ya mnazi. Nazi moja ilinivunjia paa, na ningekuwa na bata anayelalia pale ingekuwa msiba mwingine. Mchana adui ni kunguru, hao wenye shingo ya kijivu waliotoka India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890, na leo wako kila jaa la pwani. Wanabeba kifaranga mbele ya macho yako. Wiki tatu za mwanzo vifaranga wetu hawatoki nje bila wavu juu yao.

Kuchinja nako kunahitaji ukweli uleule. Dume mmoja anatosha majike wanne au watano. Kuna mwaka watoto walikwisha kuwapa majina madume watatu ndugu, nikashindwa kuwagusa, na wale madume wakawa wanamwandama jike mmoja kwa zamu mpaka ngozi ya shingo ikabaki tupu. Huruma yangu kwa watatu ilimtesa mmoja. Sasa tuna makubaliano: jina halitolewi mpaka tujue huyu atabaki. Asiye na jina ni wa chungu, na kila mtu nyumbani anajua hivyo tangu akiwa na manyoya ya njano.

Mume wangu huchinja mwenyewe, kisu kikali, mbali na wenzake, na mtoto anayetaka kuwepo anakuwepo. Kunyonyoa ni kazi: tia sabuni kidogo kwenye maji ya moto, la sivyo mafuta ya manyoya yanazuia maji kupenya, kisha suuza sana, na malaika wale wadogo watoe kwa subira. Mimi humpika wa kupaka, kwa tui zito na ndimu ya mti uleule. Binti yangu mkubwa hali bata. Hajawahi kula tangu lile yai. Nampikia samaki wake pembeni na hatulijadili.

Nimeongea sana misiba na nimewanyima furaha yao. Mngewaona Ramadhani iliyopita, mavyaa akipiga mkate wa mayai kwa mayai ya bata, manane tu, ukaumuka mpaka ukagusa kifuniko, na watoto wakibishana nani ameliokota lipi. Mngeona mvua ya kwanza ya vuli inavyoanguka na bata wote wanasimama katikati ya ua, vichwa juu, mikia ikitikisika, na mwanangu mdogo yuko nao akiwaiga.

Zafarani bado yupo. Amezeeka, mwaka huu ametaga tisa tu, na analalia kwenye kona ya banda karibu na jiwe. Mdogo anachora mstari wa chaki ukutani kila asubuhi akirudi kumwaga maji na kaka yake. Leo ilikuwa mistari 33. Jana usiku tulimulika: mawili ni meupe ndani, hayana kitu, na nilimwambia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama hayo mawili nayo tutayazika chini ya mdimu. Nikamwambia tutayazika.