Maswali ya Wasomaji: Mchungaji Revels na hoja ya miaka 9

SWALI: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa historia wamenibana. Mchungaji Hiram Revels, mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani, alichaguliwa na nani, na kwa nini baadhi ya maseneta walitaka kumzuia asiapishwe? – Mwalimu wa sekondari, Masasi, Mtwara.

JIBU: Mwalimu, Revels hakupigiwa kura na wananchi, kwa kuwa hadi mwaka 1913 maseneta wa nchi ile walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Alizaliwa huru mwaka 1827 huko North Carolina, akajifunza kazi ya kinyozi kabla ya kuwa mchungaji wa kanisa la Kimethodisti la watu weusi. Januari 1870, akiwa tayari mjumbe wa Seneti ya jimbo la Mississippi, aliombwa kufungua kikao kwa sala, na John R. Lynch, aliyekuwa mbunge jimboni humo, aliandika baadaye kwamba sala ile ndiyo iliyompa Revels useneta. Alipata kura 81 dhidi ya 15.

Zogo lilimngoja Washington. Katiba yao inamtaka seneta awe amekuwa raia kwa miaka 9, na wapinzani wakashikilia kwamba, kwa kuwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, ilikana uraia wa watu weusi hadi Katiba iliporekebishwa mwaka 1868, Revels alikuwa raia wa miaka 2 tu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ujanja zaidi kuliko sheria, maana walimfufulia hukumu ambayo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha kuizika, naye ni mtu aliyezaliwa huru katika nchi hiyohiyo. Tarehe 25 Februari 1870 Seneti ilimkubali kwa kura 48 dhidi ya 8.

Alikaa humo mwaka mmoja na siku chache, akapinga shule za Washington kutenganishwa kwa rangi, kisha akawa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Alcorn, kilichoanzishwa mwaka 1871 kwa ajili ya vijana weusi wa Mississippi. Siasa zilimwondoa chuoni mwaka 1874, akarudishwa mwaka 1876, mwaka uleule ambao Askofu Steere wa UMCA (misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza) aliwafikisha hapo kwenu Masasi watu waliokombolewa utumwani. Wanafunzi wako hawatausahau. Aliacha ukuu wa chuo mwaka 1882, na mauti yalimkuta Januari 1901 akiwa kwenye mkutano wa kanisa mjini Aberdeen, Mississippi.