Fundi Anajibu: Mashine ya mtumba imegomea Windows 11, niweke Linux?

SWALI: Kaka fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Korogwe, mama wa watoto watatu. Nyumbani tuna HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua mtumba, ramu GB 4, hadi diski GB 500. Nikiiwasha naweza kuinjika chai ikachemka kabla haijatulia. Sasa inaniandikia kwamba Windows 10 haihudumiwi tena tangu Oktoba 14, 2025, na Windows 11 imegoma kuingia. Fundi wa mjini anasema ninunue nyingine. Mtoto wa kaka yangu aliyeko chuo anasema niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure. Nina hofu tatu: picha za watoto, mitihani ninayoichapa kwa Word, na printa. Halafu, Linux si ya wataalamu tu?
– Mwalimu, Korogwe

JIBU: Dada yangu, kabla ya neno lolote kuhusu Linux, azima hadi diski ya nje au flashi kubwa, nakili picha zote za watoto, kisha zifungue kwenye mashine nyingine uone kama zimefika kweli.

Naanza na hilo kwa sababu linaniuma mpaka leo. Mwaka 2008 nililetewa kwa posta CD ya Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Enzi hizo Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini inayoitoa Ubuntu, ilikuwa ikituma CD bure popote duniani. Uliandika sanduku lako la posta, ukasubiri wiki kadhaa, bahasha ikafika. Nilifurahi mno, nikaiweka usiku uleule. Iliponiuliza iwekwe wapi, nikachagua diski nzima bila kusoma vizuri. Picha za harusi ya dada yangu, ambamo mama yetu alikuwa bado hai na amesimama katikati yetu, zilikuwa kwenye diski ile tu. Hazikurudi. Linux haikukosea. Iliuliza, nikajibu vibaya.

Ukishazihifadhi picha, mengine yote yanarekebishika.

Linux ni bure kweli, tena ni halali. Kiini chake alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na kiini hichohicho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android. Kama simu yako ni Android, basi umekuwa ukitumia Linux miaka yote bila kuitwa mtaalamu.

Kwa mashine yako mimi ningechukua Linux Mint, aina nyingine ya Linux, katika toleo lake liitwalo Xfce, kwa sababu ni jepesi na ramu yako ni ndogo. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, kama ulivyozoea. Faili la kushusha linakaribia GB 3, kwa hiyo usimalize bando lako. Mwombe huyo mtoto wa kaka alishushe chuoni, alipakie kwenye flashi ya GB 8 kwa programu iitwayo Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe ile yenye mitihani.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ndilo wateja wengi hawaambiwi wanapokwenda kupigiwa Windows: Linux unaweza kuijaribu bila kuiweka. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga F9 mfululizo, kisha chagua flashi kwenye orodha itakayotokea. Baada ya dakika chache uko ndani ya Mint, na Windows yako imelala kwenye hadi diski haijaguswa. Ukizima na kuchomoa flashi, unarudi ulikotoka. Kaa nayo hivyo Jumamosi na Jumapili nzima, watoto nao waichezee. Mambo mawili tu ukumbuke. Usiihukumu kwa kasi, kwa sababu inasoma kila kitu kutoka kwenye flashi. Na ukiandika kitu, kihifadhi kwenye flashi nyingine, maana ukizima hakibaki.

Katika siku hizo mbili pima unavyovitumia kweli. Waifai inashika? Sauti inatoka? Kamera? Printa ichomeke, chapa ukurasa mmoja. Nyingi hutambulika zenyewe, ila zipo ambazo watengenezaji hawakuzitolea draiva ya Linux, yaani programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kifaa, na hili ni heri ulijue Jumamosi hii kuliko usiku wa kuamkia mtihani.

Mitihani yako ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Mint huja na LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na kuyahifadhi kwa mtindo uleule wa docx. Maandishi ya kawaida hayana shida. Times New Roman haimo, lakini imo fonti nyingine, Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haikimbii. Panapoleta taabu ni majedwali yenye visanduku vingi, michoro iliyobandikwa juu ya maandishi, na milinganyo ya hisabati. Chukua mitihani mitatu ya zamani, ule mgumu kuliko yote uwemo, ifungue na uitazame ukurasa kwa ukurasa. Ikiwa sawa, umepona. Na unapopeleka kazi steshenari, peleka PDF, ili isivurugike kwenye kompyuta yao.

Kuna jambo hukuliuliza. Kama shule yenu inatumia programu ya matokeo au ya ada iliyotengenezwa kwa Windows pekee, usiifute Windows. Wakati wa kuweka, Mint itakupa nafasi ya kukaa kando ya Windows, na kila ukiwasha unachagua uingie wapi. Kwa kazi hiyo chaji betri ijae, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kugawa diski, unaweza kupoteza vyote viwili. Windows nayo izime kabisa kabla ya kuanza: shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza kuzima. Ukizima kwa kawaida, mara nyingi inasinzia tu na diski inabaki imeshikwa. Na likija lile swali la diski nzima, ondoa mkono kwenye kipanya, usome neno kwa neno.

Utapata na faraja moja kubwa, wewe unayepokea flashi za walimu wenzako. Vile virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato havifanyi kazi kwenye Linux; utafungua flashi na kuyaona mafaili yenyewe, salama. Lakini usisahau kwamba flashi bado ina ugonjwa, na ukiirudisha kwa mwenye Windows itamwambukiza. Futa faili la kirusi kabla hujamrudishia.

Kuhusu chai kuchemka: hapo Linux itasaidia, ila sitaki uamini kwamba itafanya yote. Kinachoichelewesha mashine yako zaidi ni ile hadi diski inayozunguka. Badilisha uweke SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ya inchi 2.5, hata ya GB 240, na ukipata nafasi ongeza ramu ifike GB 8. Mashine hiyo ina sehemu mbili za ramu. Ningetumia fedha huko kabla ya kununua mashine nyingine. Ile diski ya zamani ikishatolewa, iweke kabatini kama ilivyo. Picha zako zitakuwa na nakala ya pili.

Wala huna haja ya kukimbia. Microsoft wametoa muda wa ziada wa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026 kwa wanaojisajili. Jisajili, kisha fanya majaribio yako wakati wa likizo.

SWALI: Nimeweka Mint, kila kitu kizuri, lakini waifai haionekani kabisa.
– Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu, huenda kadi yako ya waifai inahitaji draiva ambayo haiji ndani ya flashi; zile za Broadcom ndizo hutusumbua zaidi. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, na kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua meneja wa draiva (Driver Manager) kwenye menyu ya Mint, chagua inayopendekezwa, uiwashe upya mashine.

SWALI: Mimi ni mstaafu. Kiingereza changu ni kidogo. Je, ipo Linux ya Kiswahili?
– Mzee, Unguja

JIBU: Shikamoo mzee. Ipo kwa sehemu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nilipoiona mara ya kwanza neno “Faili” limeandikwa juu pale, nilisisimka. Kazi ile haikuendelea kwa kasi niliyoitamani, na leo ukichagua Kiswahili kwenye Mint utakuta menyu nyingi zimebaki Kiingereza. Kinachofaa sasa hivi, kwako na kwa mwalimu wa Korogwe pia, ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice. Fungua meneja wa programu (Software Manager), tafuta kamusi hiyo kwa jina hunspell-sw, iweke, kisha chagua Kiswahili kuwa lugha ya waraka. Maneno yako hayatapigiwa tena mstari mwekundu kana kwamba ni makosa.