Usibonyeze "badilisha zote" kwenye pièce, nakuomba

Aisee, simama hapo hapo. Unasema una faili la madai ya bima ya gari la kutafsiri kwa Kiswahili, kurasa 40 za Kifaransa na viambatisho vya Kiingereza. Umeona "pièce" huku na "piece" kule, ukaamua yote ni "kipande", na sasa unataka kubonyeza "badilisha zote" kwenye programu ya kuandikia, usome mara moja, uwasilishe. Usithubutu. Kosa hilihili nimeshalilipia, faili zima nikalirudia bure, na aliyeniingiza mkenge ni mwalimu aliyekariri darasani kwamba maneno yanayofanana sura kwenye lugha hizi mbili "ni ndugu". Ndugu gani! "Coin" ya Mwingereza ni sarafu, "coin" ya Mfaransa ni kona. Huo ni undugu wa kukutana msibani.

Ukibonyeza, kwanza utapata madudu ya kuchekesha: "pièces" itageuka "kipandes", na kwenye Kiingereza "masterpiece" itakuwa "masterkipande". (Ndiyo, imewahi kutokea. Ndiyo, ni mtu mzima aliyefanya. Chekeni mmalize.) Hayo si ya kuogopa kwa sababu yanaonekana. Utaweka alama ya neno zima, utarekebisha, utajiona fundi.

Balaa ni yale yasiyoonekana. Kwenye faili la ajali ya gari, "pièces" inabeba angalau maana tatu, na zote zinakuja na umbo lilelile. Ukurasa wa mbele una kichwa "Pièces à fournir": hizo ni hati za kuwasilisha, yaani leseni, kadi ya gari, tamko la ajali. Ukifika kwenye ripoti ya mkaguzi unakuta "Pièces à remplacer": hizo ni spea za kubadilishwa, bampa, taa ya mbele, boneti. Na kama kesi imefika mahakamani, kuna "pièces à conviction", ambavyo ni vielelezo. Angalia vizuri: "pièces à", "pièces à", "pièces à". Kinachotofautisha ni neno moja la mbele yake tu.

Sasa fikiria umeshtuka kwamba "kipande" haifai, ukaamua kubadilisha zote ziwe "spea", maana ni mambo ya gari. Msomaji wako ataambiwa apeleke spea ofisini ndani ya siku kumi, na mtu anaweza kweli kubeba bampa. Ukigeuza, ukaweka "hati" kila mahali, ripoti ya fundi itasema hati nne zimevunjika na zinahitaji kupakwa rangi. Hilo la rangi utaliona. Lakini "spea zote zimepokelewa" na "hati zote zimepokelewa" zote ni Kiswahili safi. Hati na spea ziko ngeli moja, i- na zi-, kwa hiyo upatanisho wa kisarufi haukupigii kelele hata kidogo. Ungekosea kati ya chumba na hati, "hati kinachokosekana" ingekukwaruza sikio papo hapo. Hapa hakuna mkwaruzo. Mhariri atapitisha, mteja atasaini, na siku ya kulipana fidia ndipo watu wataanza kutafutana.

Mtego mwingine wa palepale ni "pièces d'origine". Usiandike "nakala halisi". Kwenye karatasi ya gereji hizo ni spea za kiwanda kilichotengeneza gari, kinyume cha "pièces adaptables", spea za viwanda vingine. Hati halisi, zisizo nakala, Mfaransa huziita "les originaux". Na "garantie pièces" peke yake ni dhamana ya spea, ufundi unalipia mwenyewe. Mpaka uone "pièces et main-d'œuvre" ndipo ufundi umo.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na nitairudia mpaka mnichoke: usitafsiri pièce, tafsiri pièce na jirani yake. Soma neno la kulia kwanza. Kama kulia kimya, soma la kushoto. Kama pande zote kimya, mfano fomu imeandika "Nombre de pièces : 4" basi, panda usome kichwa cha ukurasa. Kwenye bima ya nyumba hiyo ni idadi ya vyumba. Kwenye barua ya kusindikizia faili ni idadi ya hati. "P.J. : 3" (yaani "pièces jointes") chini ya barua ni viambatisho vitatu.

Jirani anasaidia hata kwenye pesa. "Une pièce de deux euros" ni sarafu ya yuro mbili. "Deux euros la pièce" ni yuro mbili kila kimoja. Maneno yaleyale, mpangilio tu umegeuka, na ukikosea hapo jumla ya ankara yote inakwenda na maji.

Vyumba navyo: "un trois-pièces" ni sebule na vyumba viwili vya kulala. Jiko, bafu na choo Mfaransa hahesabu. Ukiandika "vyumba vitatu vya kulala" umejenga ukuta ambao haupo. Na "trois-pièces" hiyohiyo, ikiwa inavaliwa, ni suti yenye koti, suruali na kizibao.

Kiingereza kina ugonjwa wake. "Piece" mara nyingi haina maana yoyote, imewekwa tu ili kitu kisichohesabika kihesabike: "a piece of advice", "a piece of furniture", "a piece of luggage". Mfaransa hana shida hiyo, anasema "un conseil", "un meuble", "un bagage", na sisi tunasema ushauri, samani, mzigo. Ukiandika "kipande cha ushauri" ujue umetafsiri gundi. Misemo usiiguse kwa kamusi kabisa: "a piece of my mind" ni kumpa mtu vidonge vyake, "a piece of cake" ni kumsukuma mlevi, na "de toutes pièces" ya Kifaransa, ukiikuta karibu na neno tamko, maana yake limebuniwa mwanzo mwisho. Hiyo ya mwisho kwenye faili la bima ni tuhuma nzito, usiipitie juu juu.

Kabla hujaanza, tafuta mara mbili, "pièce" na "PIECE", kwa sababu vichwa vya herufi kubwa mara nyingi havina alama juu ya E, na programu nyingine zitaviruka. Tumia kitufe cha "tafuta inayofuata", moja moja, na kila ukisimama soma jirani.

Weka hapa mstari wa kwanza unaokusumbua, pamoja na kichwa cha ukurasa wake na mistari miwili ya juu na ya chini. Ukileta neno tupu sijibu.