Usiniulize Ulaya wapi wanalipa zaidi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Morogoro. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na ukiondoa salamu na habari za mvua, swali lilikuwa moja: "Kaka, kati ya Ujerumani, Uholanzi na Denmark, wapi wanalipa vizuri?"

Simlaumu. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo mwaka 2017 kabla ya kupanda ndege. Nikatajiwa euro kwa saa, nikazipiga mara 2,500 na ushee, nikalala usingizi wa tajiri. Miaka yote hii baadaye, kijana akiniuliza habari za mshahara namrudishia swali: siku ambayo hufanyi kazi, nani anakulipa?

Nilikuja Uholanzi kusoma, Wageningen. Nilipomaliza mwaka 2019 nikachukua kibali cha mwaka mmoja wanachopewa wahitimu ili watafute kazi. Kazi ya fani yangu ilichelewa, kodi ya chumba haikuchelewa. Nikajiandikisha kwa wakala wa vibarua, uitzendbureau, neno ambalo mgeni Uholanzi analijua kabla hajajua kusema asante. Nikapelekwa kwenye ghala la maua na miche. Malipo ya saa hayakuwa mabaya hata kidogo, tatizo lilikuwa saa zenyewe. Wiki hii 38, wiki ijayo 14. Saa kumi na mbili asubuhi simu inalia, ujumbe: leo hakuna zamu. Umeshavaa viatu. Yaani ni deiwaka tu kama ya kwetu, ila hii ina pei slipu. Wenzangu wengi walikuwa Wapolandi na Waromania, na baadhi yao hata kitanda walipangishiwa na wakala huyo huyo, fedha inakatwa kwenye mshahara. Kazi ikiisha, na pa kulala pameisha.

Kisha nikaumia mgongo. Mkataba wangu ulikuwa na kipengele kwamba mteja wa wakala, yaani ghala lile, akisema hakuhitaji tena, mkataba umekufa, na wakati ule ugonjwa nao uliweza kuuua. (Tangu 2023 kipengele hicho cha ugonjwa kimebanwa.) Nikakaa ndani siku tisa nikiamini sina changu. Aliyenizindua ni mama mmoja wa Kisuriname tuliyekuwa tukifunga naye maboksi. Alinipigia kunijulia hali, akauliza kama UWV wamearifiwa. UWV ni taasisi ya umma inayoshughulikia malipo ya wasio na kazi na wagonjwa wasio na mwajiri. Kumbe nilikuwa na haki ya asilimia 70 ya mshahara wangu. Nililipwa, ila hesabu ilitokana na wastani, na wastani ulikuwa umeshashushwa na zile wiki za saa 14.

Sasa sikiliza hili. Ofisini kwenye ghala lile lile kulikuwa na Mholanzi mwenye mkataba wa moja kwa moja na kampuni. Naye aliugua mgongo. Sheria ya huko inamtaka mwajiri aendelee kumlipa mfanyakazi wake mgonjwa angalau asilimia 70 kwa muda wa hadi miaka miwili. Nchi moja, paa moja, mgongo ule ule. Hapo ndipo nilipoacha kulinganisha nchi kwa nchi, nikaanza kulinganisha mikataba. Kuna watu wamehama Uholanzi kwenda Ujerumani kutoka kwa wakala hadi kwa wakala, halafu wanashangaa mbona maisha ni yale yale.

Ujerumani nilihamia 2021, kampuni ya mbegu, mkataba wa kudumu. Mshahara ulioandikwa ulinifanya nimpigie mama. Ulioingia benki ulinifanya nikae kimya. Kwa mtu asiye na ndoa wala mtoto, kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni zinaondoka na karibu theluthi. Nami nilijiongezea. Siku ya kujiandikisha manispaa niliulizwa dini, nikajibu Mkatoliki, tena kwa fahari, kama niko kipaimara. Hakuna aliyeniambia kwamba jibu hilo ni asilimia 9 juu ya kodi yangu ya mapato, kila mwezi, kwa ajili ya kanisa. Sijajuta sana, lakini ningependa kujua mapema.

Nililalamikia makato hayo mwaka mzima. Halafu 2022 nikafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, nikalala nyumbani wiki tatu. Mwisho wa mwezi mshahara ukaingia wote. Nilimwandikia mhasibu nikidhani wamekosea, akanijibu sentensi moja: wiki sita za kwanza za ugonjwa mwajiri analipa mshahara kamili, baada ya hapo ni zamu ya mfuko wa bima ya afya. Lakini angalia tarehe zako. Haki hiyo haianzi siku unayosaini, inaanza ukishatimiza wiki nne kazini. Na kipindi cha majaribio huwa ni hadi miezi sita, ambapo wanaweza kukuaga kwa notisi ya wiki mbili tu. Usikimbilie kununua gari mwezi wa pili.

Ukiondoka, dai barua ya utumishi, ni haki yako. Ila ipeleke kwa Mjerumani akusomee. Barua hizo zina lugha yake: kuandikwa kwamba ulifanya kazi "kwa kuridhisha" ni kama kufeli. Ukitaka alama ya juu lazima iandikwe kwamba ulifanya kazi daima, kwa kuridhisha kikamilifu kupita kikamilifu. Nami ya kwanza niliyopewa, yenye hilo "kwa kuridhisha", nilikuwa nimeshaanza kuisambaza.

Denmark sijafanya kazi, nina rafiki Copenhagen, kwa hiyo nasema yale niliyoyaona kwake. Huko hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara. Sweden vivyo hivyo, na Italia pia. Lakini kwa Wadenmaki viwango hupangwa kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, kwa hiyo la kuuliza ni kama sehemu hiyo ya kazi ina makubaliano hayo. Kufukuzwa ni rahisi, na kinga yake ni bima ya kukosa kazi, a-kasse, ambayo unajiunga mwenyewe kwa hiari. Rafiki yangu aliona ile ada ya kila mwezi ni ya kupoteza. Mgahawa ulipofungwa, wenzake waliendelea kulipwa, yeye akaja kukaa kwangu miezi miwili.

Italia tahadhari yangu ni fupi: kazi ya shambani isiyo na karatasi, wenyewe wanaiita nyeusi, hata ikilipa leo, kesho huna ushahidi kwamba uliwahi kuwapo. Uingereza nako, mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ulifungwa Julai 2025, hivyo anayekuuzia nafasi mpya ya namna hiyo anakuibia.

Katika Umoja wa Ulaya kote, mwajiri hawezi kukupa likizo yenye malipo chini ya wiki nne kwa mwaka, na kwa kawaida wastani wa saa usizidi 48 kwa wiki. Ofa inayokiuka hayo hata usiijadili.

Mdogo wangu nikamwambia haya yote kwa ujumbe wa dakika saba, nikalipiza. Akajibu kwa picha za mkataba wa Ujerumani, kurasa mbili. Mshahara upo, umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Chini ya ukurasa wa pili pameandikwa 2/4. Namsubiri atume mbili zilizobaki.