Kabla hujanunua sumu ya panya, mjue panya wako

Kila msimu wa mavuno huku Morogoro, ndugu na majirani huanza kunipigia simu: "Panya wamenizidi, ninunue sumu gani?" Nami huwauliza: unawasikia wapi, juu au chini? Jibu hilo linaamua mengi, na sumu mimi huiweka mwisho.

Ukisikia mbio usiku juu ya silingi, huyo ni panya wa paa. Ni mwembamba, ana masikio makubwa, na mkia wake unazidi urefu wa mwili. Hupanda ukuta, waya wa umeme, hata tawi la mwembe lililoegemea bati. Kinyesi chake hufika milimita 12 na kimepinda. Yule mdogo kabisa, anayejificha nyuma ya kabati la vyombo, kinyesi chake ni kama punje nyeusi za mchele. Mashamba yakibaki matupu, panya shamba nao huhamia majumbani kufuata mahindi. Panya mnene wa mitaroni utamkuta zaidi kwenye miji ya bandari kama Dar es Salaam.

Halafu kuna kirukanjia, mwenye pua iliyochongoka na harufu kali. Watu humuua bure. Huyo anakula wadudu, hana haja na gunia lako. Mwache apite.

Usipojua anapoingilia, utaua leo na kesho waje wengine. Jioni nyunyiza majivu laini mlangoni mwa stoo na kando ya kuta. Asubuhi inama uangalie: utaona vidole vyake na mstari wa mkia, vikielekea alikotokea. Tazama pia ukutani. Panya hupita njia ileile kila siku, na manyoya yake huacha weusi wenye mafuta. Tundu linalopitisha penseli linamtosha panya mdogo.

Kwenye nyumba zetu za bati, mlango mkubwa ni pale ukuta unapokutana na mawimbi ya bati. Mafundi wengi huacha pale wazi, na mwenye nyumba haoni kwa sababu fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, imefunika. Panda ngazi ukague. Ziba kwa saruji au wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo. Gunia na vipande vya mbao ni kazi bure, maana meno ya panya hukua maisha yake yote na lazima atafune. Kata na matawi yanayogusa paa.

Waliobaki ndani, watege. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo uache mtego siku chache ukiwa na chambo lakini haujategwa. Akizoea kula, ndipo uutege. Uweke ukutani kabisa, upande wa chambo ukielekea ukuta. Dagaa, karanga au nazi iliyochomwa vinafaa. Tega mitego mingi usiku mmoja. Gundi siipendi: inanasa vifaranga na mijusi, na panya huteseka saa nyingi.

Sumu ikilazimu, nunua duka la pembejeo, yenye lebo. Zile za kupimiwa kwenye vikaratasi barabarani usiingize nyumbani kwako, ndugu yangu, hasa ukiwa na watoto. Hujui ni kitu gani. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi darini usipofika. Paka au bundi akimla anaweza kudhurika naye. Mtoto akiitia mdomoni, mkimbize hospitali na pakiti yake mkononi, hata kama anacheza vizuri, kwa kuwa dalili huchelewa.

Usafishaji nao una hatari yake. Mwaka 2022 mkoani Lindi watu walikufa kwa homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Usifagie kinyesi kikavu. Vaa glavu, lowesha kwa maji yenye klorini, subiri kidogo, kisha futa. Mzoga usiushike kwa mkono mtupu. Kwenye maeneo yenye historia ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, kama Lushoto, viroboto hushughulikiwa kwanza, kwa sababu panya akifa viroboto wake huruka kutafuta damu nyingine, na wewe ndiye uliye karibu.

Kuhusu mahindi: mifuko isiyopitisha hewa inaua wadudu, ila panya anaitoboa, na ikitoboka haina kazi tena. Ipange juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi, na upite kila wiki.